Inakubali Mchana, Inakataa Asubuhi

Alhamisi, 3 Oktoba

Naanza kuandika leo, msimu wa korosho ukifunguliwa, kwa sababu mtu kama mimi akiondoka duniani bila kuandika chochote, Mtwara itakuwa imepata hasara. Mimi ni Asadi, Mmakua wa Mahurunga, fundi wa kompyuta, mwenye duka hapa Chikongola lenye bango linalosomeka mpaka upande wa pili wa barabara: ASADI KOMPYUTA, HAKUNA KISICHOFUNGUKA. Nimekuwa baharia. Nimelala Pemba ya Msumbiji, Nacala, Moroni, Durban. Kompyuta nilijifunzia Nacala, kwenye ofisi ya Mhindi mmoja wa mizigo, na windo (Windows) ya mashine yake ilikuwa ya Kireno, kwa hiyo mpaka leo mashine ikinikatalia kwa Kiingereza najisikia nimetukanwa na mtu nisiyemjua. Shule niliishia kidato cha pili. Waliomaliza ndio hao wanaoniletea mashine zao.

Duka la jirani ni la Josephu, Mmakonde, anauza simu na chaja. Ni mtani wangu. Kwa atakayesoma kutoka mbali: Mmakua na Mmakonde tumekuta mababu wanataniana, nasi tunaendelea. Ananitukana, namtukana, anakunywa soda yangu bila kuomba, nami naondoka na mwavuli wake, na hakuna wa kununa. Ukinuna wewe ndiye mkosaji. Leo ameingia duka limejaa watu, nikakamata mausi ya kompyuta na kuificha kifuani. "Jamani, Mmakonde huyo, ficheni panya!"

"Huyo kakonda," akasema. "Mnenepeshe kwanza, nitampitia Krismasi."

Duka zima likacheka. Maisha yangu ndiyo haya.

Jumatano, 9 Oktoba

Simu kutoka Mahurunga. Mzee Iddi, mwenyekiti wa ushirika wa Tupendane, huko huko ambako mama yangu anapeleka korosho zake. Wameletewa programu mpya ya mizani. Gunia likipanda, kompyuta inasoma uzito na kutoa stakabadhi, mkulima anakwenda zake. Bila programu hakuna kupima, na bila kupima hakuna gunia linaloingia ghalani. Sasa programu yenyewe imegoma kufunguka.

"Asadi mwanangu," akasema, "msimu huu kamati inatafuta fundi wa kudumu. Si wetu tu, wa vyama vyote vya huku mtoni mpaka Kitaya. Atakayetushikia mashine hii vizuri, ndiye."

"Mwenyekiti, acheni kutafuta. Mshampata."

Kwa nyuma nikamsikia mama akimwambia mtu, "Wangu huyo." Nimevimba, shati limekaribia kukatika vifungo. Fundi wa mto mzima! Tena kijijini kwetu, ambako waliniita mtoro wa shule.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nilipokuwa nafunga begi Josephu, niliyemsimulia habari za programu ile jana yake, akaja na flashi. Alikwenda Dar kusoma, akarudi na cheti na hiyo flashi. "Chukua, Mmakua. Programu mpya kwenye mashine ya zamani ni sawa na bibi harusi kwenye nyumba isiyo na choo. Lazima umpelekee vifaa. Humu mna vipande vyote vitakavyokosekana. Kaa nayo."

Moyo wa mtu huyu! Cheti anacho yeye, kazi naitwa mimi, na bado ananipa silaha zake.

Ghalani nimemkuta karani mpya, Martha, Mbena wa Njombe, anajipepea na jalada la faili kutwa nzima kama aliyeletwa huku kwa adhabu. Hacheki. Mashine ilikuwa inasema kuna faili halipatikani. Nikaingiza vipande vya Josephu, nikafungua programu, ikafunguka. Wakulima wakapiga kelele, mzani ukaanza kusoma, stakabadhi zikatoka. Sikuizima na kuiwasha tena kuhakikisha, maana mashine ile ikizimwa, kuwaka kwake unaweza kuivisha maharage, na foleni ya magunia ilikuwa imefika barabarani. Nimerudi mjini nyuma ya pikipiki na mfuko wa mabibo mapajani, nanuka kama pipa la uraka, ile pombe yake, nimefurahi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Chai sijaimaliza, Martha kapiga. "Fundi, imekataa."

"Imekataa vipi?"

"Inaonyesha uso, inatoweka."

Nikaenda. Kweli. Unabonyeza, inachungulia kama mwali dirishani, inapotea, wala haisemi kosa lake. Nikaiondoa, nikarudisha vipande kwanza, kisha yenyewe. Ikakubali. Wamepima mpaka jioni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Imekataa. Nimekwenda. Imekubali.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Hata mashine imepumzika. Josephu kanipa pole kwa namna yake: "Inaamka asubuhi, inakumbuka sura yako, inarudi kulala."

Jumamosi, 19 Oktoba

Wiki nzima ni hadithi moja. Inakubali mchana, inakataa asubuhi. Mwenye pikipiki sasa haniulizi naenda wapi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nimekwenda kwa vita. Kwanza nikaifungua kwa mamlaka ya msimamizi, maana kuna programu zenye kiburi, hazimfungukii mtu wa kawaida. Ikachungulia, ikapotea. Nikaidanganya kwamba ipo kwenye windo ya zamani, kwa sababu zipo programu kama wazee wengine, ukiziambia mambo bado ni yale ya zamani zinatulia. Ikapotea. Nikaangalia tarehe. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta inaamini tuko miaka ya nyuma, na programu gani itakubali kufanya kazi kabla haijazaliwa? Tarehe ilikuwa sahihi. Nikaizima antivairasi, ambayo mara nyingine hula faili zisizo na hatia kama mbuzi anavyokula kanga kwenye kamba. Bado. Nikafungulia akaunti nyingine, jina jipya, labda ile ya kwanza ina mkosi. Bado.

Nikasema basi, nabomoa nyumba. Nikapiga windo upya, nikafuta kila kitu, mashine ikawa tupu kama siku iliyotoka kiwandani. Nikaingiza vipande vya kwenye flashi, nikaingiza programu. Ikafunguka kwa upole, utadhani haijawahi kumkosea mtu. Nikasimama juu ya benchi nikawatangazia wakulima kwamba nilipokuwa Durban nilifufua kompyuta iliyozama na meli. (Ilimwagikiwa chai. Lakini chai nayo ni maji.)

Martha akasema, "Fundi, tuizime, tuiwashe, tuone."

"Madam, wewe ukipona homa unajilaza tena kuona kama utaumwa?"

Ghala zima likaangua kicheko. Yeye alinitazama tu, akarudi kwenye kiti chake.

Ijumaa, 25 Oktoba

Imekataa.

Jumamosi, 2 Novemba

Kijijini sasa wanasema kuna jini. Wengine wanasema jini lenyewe nililileta mimi kutoka Moroni. Nimecheka, lakini nimejiuliza maswali yangu. Jioni anayebaki na mashine ni nani? Martha. Anayeizima ni nani? Martha, kwa amri ya Mzee Iddi, ambaye haamini kifaa cha umeme kilale macho wazi. Na wa kwanza kuigusa asubuhi? Martha.

Nilipomwambia Josephu alitikisa kichwa kama daktari. "Mmakua, hilo nililiona kitambo, nikaogopa kukuumiza. Yule mama wa baridi anataka kumleta fundi wa kwao. Wewe ongeza umakini. Kila ukienda anza na vipande vya kwenye flashi, usiruke hatua."

Ndivyo ninavyofanya. Sijaruka hatua hata siku moja.

Jumatano, 6 Novemba

Mawingu upande wa mtoni. Imekataa, imekubali.

Jumatatu, 11 Novemba

Mzee Iddi leo hakuniita mwanangu. Kaniita fundi.

Alhamisi, 14 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilianza alfajiri, ya kushtukiza, ya matone makubwa. Martha alipiga mapema, imekataa. Barabara ilikuwa tope, pikipiki tukaisukuma zaidi ya kuipanda. Nilipofika ghalani nikakuta magunia yamepangwa nje kuanzia mlangoni mpaka kwenye kona ya msikiti, yaliyoletwa na matela usiku yapimwe asubuhi. Hakuna kupima, hakuna kuingia. Sheria ya ghala ni hiyo, gunia lisilo na stakabadhi likiingia ndani kesho watu wanatoana macho. Maturubai mawili yaliyopo yalifunika ya mbele. Ya nyuma yakafunikwa na majani ya migomba, mikeka, mashati.

Nyuma kabisa alikuwepo mama. Ameketi juu ya magunia yake, amevua kanga ya juu ameyafunika nayo, kichwa chake wazi kwenye mvua. Mama yangu mimi, ambaye tangu nimezaliwa sijawahi kumwona nywele zake barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nenda ndani ukafanye kazi yako."

Nikaingia. Martha akanijia na simu yake mkononi. "Fundi, tazama hapa kwanza. Leo nimeirekodi wakati inawaka, kuna kitu..."

"Madam, mimi sikuja kuangalia sinema!"

Nilipaza sauti. Sijawahi kumpazia mwanamke sauti mbele za watu. Yeye akaitia simu mfukoni. Nikaondoa, nikaweka vipande, nikaweka programu, ikakubali. Tulipoanza kupima, mvua ilikuwa imekwisha kazi yake. Korosho zikamwagwa, zikakaguliwa, na zilizolowa zikatupwa daraja la pili, gunia baada ya gunia. Za mama zote daraja la pili. Korosho alizookota moja moja akiwa ameinama, akaanika, akachambua, akazilinda na kuku.

Mzee mmoja kwenye foleni akasema, si kwa ukali, alikuwa anasoma tu maandishi ya mgongoni mwa fulana yangu: "Hakuna kisichofunguka." Hakuna aliyecheka.

 Mama alikuwa amesimama mlangoni anakamua kanga yake.

Ijumaa, 15 Novemba

Kamati wamemwita Josephu. Aliyemtaja ni mimi mwenyewe, iandikwe hivyo. Nilimwambia Mzee Iddi, "Kama mimi nimeshindwa, mtu aliyebaki ni mtani wangu, ana cheti."

Tukaenda naye pikipiki moja.  Ghalani akaomba tumpishe, joto la watu linamkosesha pumzi. Tukatoka. Hata sigara ya mtu haikuisha, akatuita. Programu imefunguka. Akaizima kompyuta mbele yetu, akaiwasha, tukasubiri mashine iwake kwa uvivu wake, programu ikafunguka tena. Watu wakapiga makofi, na makofi yaliyozidi ya wote yalikuwa yangu.

"Mmakonde kaacha panya leo kafanya kazi!" nikapiga kelele.

 Yeye alikuwa anamsikiliza mwenyekiti. Siikumbuki siku nyingine ambayo Josephu aliliacha tusi langu lianguke chini hivi hivi.

Jumatatu, 18 Novemba

Imefunguka asubuhi. Mimi sikuitwa.

Jumatano, 20 Novemba

Imefunguka. Nimetoa fotokopi kutwa. Josephu kafunga duka lake, yuko Mahurunga.

Jumamosi, 23 Novemba

Martha ameingia dukani kwangu. Alikuja mjini sokoni, ana kapu la viazi mkononi. Nikasema moyoni, amekuja kunicheka.

"Fundi Asadi, sikai. Nataka dakika zako chache. Tazama sinema yangu."

Safari hii nilitazama. Ni mashine ya ghala inawaka. Inafika mwisho, halafu kisanduku kidogo cheusi kinapepesa kwenye kioo, chap, kimepotea. Baada ya hapo anabonyeza programu, nayo inachungulia na kutoweka.

"Kilikuwa kinatokea kila asubuhi," akasema. "Tangu alipokuja rafiki yako, hakitokei tena. Wewe unaanza na nini ukienda kule?"

"Na flashi."

"Iweke kwenye kompyuta yako."

Nikaweka. Vipande, kisha programu ile ile ya mizani. Ikafunguka. Nikamtazama kwa ushindi.

"Sasa zima," akasema. "Washa."

Nikazima. Nikawasha. Chap. Kisanduku cheusi, kwenye kioo changu, ndani ya duka langu, chini ya bango langu. Programu ikachungulia, ikapotea.

Hapo ufundi wangu ukarudi wote. Nikaingia kwenye chumba ambamo windo huweka mambo ya kuanza nayo ikiamka, nikakikuta kifaili ambacho sikukiweka. Nikakifungua kwa kusoma. Mistari michache tu. Kazi yake ni kukaa kimya, kungoja programu ya mizani ifunguliwe, na kuiua. Kimejificha kwenye vile vipande, kinahama navyo, kila vikiwekwa upya kinalala kwanza, na hakiamki mpaka mashine izimwe na kuwashwa. Kila nilipokwenda kuitibu ile mashine, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naipaka ugonjwa, kwa mkono wangu, bila kuruka hatua.

Mstari wa juu kabisa haukuwa wa kazi. Ulikuwa wa maneno: LALA MMAKUA, KUMEKUCHA.

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. "Madam, huu ni utani! Huyu ni Josephu, kanipata! Kanipata vibaya!" Mzigo wa mwezi mzima ukanitoka mabegani. Sikuwa na jini, sikuwa mjinga, nilikuwa nimechezewa na mtani.

Martha aliinua kapu lake. "Kwetu Njombe tuna utani pia," akasema. "Lakini mtu ukimtania, unakuwepo kumwona akicheka. Huyu alikuwa anangoja nini?"

Jumatatu, 25 Novemba

Martha amewaambia kamati. Kikao kesho. Nimempigia Josephu, hapokei.

Jumanne, 26 Novemba

Naandika kila kitu, hata kama mkono hautaki.

Kikao kilijaa mpaka madirishani. Josephu alikaa mbele, shati limepigwa pasi, bahasha ya cheti mapajani. Martha akasimama akaeleza, akaonyesha sinema yake, akasoma ule mstari. Wakulima wakawaka moto. "Korosho zetu!" "Apelekwe polisi!" Mmoja alishafika mbele amekunja mikono ya shati. Josephu akanitazama. Namjua tangu tunaogelea uchi mtoni, na macho yale nilikuwa sijawahi kuyaona. Alikuwa anaogopa.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama.

"Wazee wangu, mama zangu, ngojeni. Huyu ni nani? Ni Mmakonde. Mimi ni nani? Ni Mmakua. Lini mliona Mmakua akampeleka Mmakonde polisi? Kanitania, kanishinda, nami namngoja siku yake. Hapa hakuna kesi!"

Kikao kikalipuka kwa kicheko. Hata yule wa mikono ya shati akajipiga paja. Mzee Iddi akafuta jasho, uso umejaa shukrani, maana polisi ghalani katikati ya msimu nani anataka? "Aliyetendewa amesema ni utani," akatangaza. "Limekwisha. Liandikwe kwamba limekwisha."

Martha peke yake alikuwa hacheki. "Mwenyekiti, waliolowa hawakuwa watani wa mtu," akasema, lakini kelele zilimfunika.

Nikaketi nimeridhika. Nikawa nangoja Josephu asimame aseme, jamani, nimefanya mzaha ukazidi, fundi wenu ni huyu hapa. Kwa sababu utani ndivyo unavyomalizwa, aliyeshinda anarudisha.

Akasimama kweli. Akakohoa. "Nashukuru. Kama mwenzangu alivyosema, hakuna kesi. Basi mwenyekiti, tuingie kwenye ajenda ya pili."

Ajenda ya pili ilikuwa fundi wa mto. Haikuchukua muda. Mzee mmoja akasema, kwa upole, kwamba Asadi ni kijana mzuri, mwenye moyo, lakini fundi anayechezewa mwezi mzima na asijue, je akija mwizi badala ya mtani? Wakaitikia. Na kosa la Josephu lilikuwa halipo tena duniani, nilishalifuta mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi. Mikono ikanyooshwa. Josephu, fundi wa vyama vyote mpaka Kitaya.

Alipita mbele yangu akitoka. Alinukia pasi. Hakunitazama.

Jumatano, 27 Novemba

Nimelala kwa mama. Asubuhi kaniwekea muhogo na chai, akakaa anatazama uwanja ambapo alianika korosho zake.

"Asadi baba, nikuulize. Mimi nilipoolewa huku nilitaniwa. Walinificha viatu, walinipaka masizi, walimwambia mume wangu nimetoroka. Wakanicheka, nikacheka. Huu wa kuninyeshea korosho zangu unaitwaje?"

"Mama, nilimwonea huruma. Wangempiga."

"Ungewazuia wasimpige. Kuzuia wasimpige na kusema hakufanya kitu, hayo ni mamoja?"

 

Ijumaa, 29 Novemba

Nimemfuata dukani kwake. Alikuwa anapanga chaja kwenye ndoano, mgongo kwangu.

"Mmakonde."

"Naam, Mmakua."

"Ulikuwa utani?"

Akapanga chaja nyingine. "Si ulisema mwenyewe ulikuwa utani?"

"Nakuuliza wewe."

Akageuka. "Asadi, wewe una jina. Ukikohoa mji unacheka, ukiita wateja wanakuja. Mimi nina cheti, nimekitundika pale ukutani mwaka mzima, anayekisoma ni mjusi. Wakihitaji fundi wanapiga simu yako. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia. Ningekupa nusu. Ningekupa yote, Josephu! Unanijua."

"Ndiyo," akasema. "Nisingeweza kuichukua namna hiyo."

"Na mama yangu?"

Akaigeukia tena ndoano ya chaja. "Mvua sikuileta mimi." Halafu, kwa kasi, kama mtu anayetupa kitu kabla hakijamuunguza: "Lakini mtani hakasiriki. Au umeacha kuwa Mmakua?"

Nilitamani kumpiga. Nilitamani kumtukana, na ndipo nikagundua jambo baya kuliko yote: sina tusi. Matusi yote ninayoyajua nilishamtukana kwa mapenzi. Nikatoka.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua. Nimelala.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua. Martha kaniletea kompyuta yake mwenyewe, programu ya kuandikia haifunguki. Nimeitengeneza. Kabla ya kumkabidhi nikaizima, nikaiwasha, tukasubiri wote wawili. Nikamwomba radhi kwa ile siku ya mvua. "Yamepita, fundi," akasema, na kwa mara ya kwanza nimemwona akicheka, ana mwanya.

Jumanne, 10 Desemba

Mnada wa mwisho. Mama kauza daraja la pili. Nimempelekea shuka jipya na turubai, hakuuliza kwa nini turubai.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo Josephu ameingia dukani. Tangu siku ile tulikuwa tunapishana barabarani kama pikipiki. Alikuwa na mkataba wake wa fundi mkononi, anataka fotokopi, na duka lilikuwa limejaa. Akaanza pale pale mlangoni, kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Mmakua! Bado upo? Nilisikia umeuzwa daraja la pili!"

Watu wakanigeukia, vicheko vyao tayari mdomoni, wanangoja jibu. Wateja wangu wanajua mchezo huu, wengine huja kwa ajili yake. Na jibu nilikuwa nalo, zuri sana. Lilikuwa limekaa mwisho wa ulimi.

"Karibu, Bwana Josephu," nikasema. "Habari za asubuhi? Nikusaidie nini?"

Akatabasamu, akafikiri bado inakuja. "We mla ngisi wee, umepatwa na nini?"

"Ni fotokopi? Karibu ukae, utangoja kidogo, kuna mama ametangulia."

Nikamhudumia mama yule. Josephu akabaki amesimama, hajui mikono yake aiweke wapi. Zamu yake ilipofika nikaupokea mkataba kwa mikono miwili, nikautolea nakala safi, zisizo na kivuli pembeni, nikazipiga stepla, nikazitia kwenye bahasha. Nikamtajia bei.

Miaka yote ya duka hili Josephu hajawahi kulipia hata karatasi, na mimi sijawahi kulipia chaja kwake. Alinitazama muda mrefu. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti. Nikaipokea, nikamrudishia chenji yake, nikamwandikia na risiti: Bw. Josephu Nandonde. Jina lake la ukoo sikuwahi kuliandika kabla ya leo, nilimuuliza linavyoandikwa.

Mashine ilikuwa inapoa.

"Asante," akasema, taratibu.

Tangu tukiwa watoto hajawahi kuniambia neno hilo, wala mimi sijawahi kumwambia. Midomo ilimcheza, nadhani alitaka kuongeza kitu. Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mteja anayetoka.

"Karibu tena."